TAMKO LA KAMATI YA TAWI KUHUSU VIJANA WETU WANAOKUFA KWA KUZIDISHA UNGA



Tangu mfungo wa Ramadhani mpaka wiki iliyopita mtaa wetu umezika vijana watatu, na katika misiba yote mitatu tuliambiwa neno lilelile: "Alilala, hakuamka." Majina hatuyataji. Wazazi wao ni wanachama wenzetu na ujumbe huu unawafikia. Lakini kila aliyeshika chepeo makaburini anajua kijana alilala wapi na alikuwa ametumia nini.

Kamati ya Utendaji ilikaa Jumapili na ikatoka na msimamo. Kabla hata muhtasari haujasainiwa, maneno yameshaanza kwenye vibaraza na kwenye grupu kwamba tawi sasa "linalea mateja" na kwamba fedha ya viti imeliwa. Tumeona tuandike wenyewe, kwa urefu, ili kila mtu aje kikaoni akiwa amesoma.

*Msimamo ni huu.* Tunataka dawa inayoitwa naloksoni iwepo kwenye zahanati za kata yetu na mikononi mwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliofundishwa kuitumia. Tunataka mtu anayekimbiza mwenzake hospitali asigeuzwe mtuhumiwa. Na tunapendekeza mfuko wa tawi ulipe nauli ya vijana watano wanaokwenda kunywa methadoni Temeke, kwa miezi mitatu.

Tuanze na namna kifo chenyewe kinavyokuja, maana hapa ndipo wengi wetu tumekosa elimu. Tunadhani mtu aliyezidisha unga anaanguka na kufa papo hapo. Wapo wanaokufa hivyo, lakini mara nyingi heroini inakwenda taratibu. Inalaza ile sehemu ya ubongo inayoamuru mapafu kuvuta hewa. Pumzi zinapungua, zinakuwa za kuhesabu, kisha zinasimama, na moyo unafuata baadaye kwa kukosa hewa. Inaweza kuchukua dakika chache, inaweza kuchukua saa nzima na zaidi. Katika muda huo kijana anakoroma mkoromo mzito wenye majimaji, midomo na kucha zinageuka kijivu, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, ukimwita haitiki. Wenzake maskani wanasema "yuko freshi, anakula stimu zake". Mama akipita mlangoni anasikia mkoromo, anashukuru kwamba leo mtoto amelala mapema.

Wakishtuka, wanafanya nini? Wanammwagia maji ya baridi. Wanampiga makofi. Wanamnywesha maziwa, kwa sababu sote tumelelewa tukijua maziwa yanaua sumu. Wengine wanamdunga maji ya chumvi. Maji na makofi hayarudishi pumzi. Maziwa kwenye kinywa cha mtu asiyejitambua yanaingia kwenye mapafu na kummalizia kazi. Maji ya chumvi hayafanyi chochote zaidi ya kupoteza dakika. Kisha hofu inaingia, na maskani inabaki tupu.

Naloksoni inafanya kitu kimoja tu: inaing'oa heroini pale ilipojishikiza kwenye ubongo na kukaa mahali pake. Inadungwa kwenye msuli, au kwa ile ya kupuliza, inapulizwa puani. Ndani ya dakika mbili mpaka tano mtu anaanza kuvuta hewa. Hailevyi, haizoeshi, na mtu asiye na unga mwilini akipewa haimfanyi kitu. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1983, na mwaka 2014 shirika hilo lilitoa mwongozo unaosema wazi kwamba watu wanaoweza kumkuta mwenzao amezidisha, wakiwamo ndugu na watumiaji wenyewe, wapewe dawa hii na wafundishwe. Marekani tangu 2023 imeruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari. Kwa hiyo mnapoambiwa katibu na kamati yake wameleta mambo mapya ya ajabu, mjue jambo hili lina umri kuliko vijana wote tunaowazungumzia.

Ina kasoro moja ambayo lazima ijulikane. Nguvu yake inakwisha baada ya nusu saa mpaka saa moja na nusu, wakati unga bado umo mwilini. Aliyeamka anaweza kulala tena. Ndiyo maana hata baada ya sindano bado tunasema hospitali, na mtu akae naye asimwache.

Sasa hospitali. Tujiulize kwa nini vijana hawa hawafiki. Bodaboda anamwangalia mgonjwa, anaona ni teja, anakataa asije akafia kwenye pikipiki yake. Wenzake wanaogopa kuulizwa PF3 na kuulizwa mlikuwa wapi, mlikuwa mnafanya nini, unga mmenunua kwa nani. Kwa hesabu yao, kumkimbia mwenzao ni salama kuliko kumbeba. Tunaweza kuwalaani, na tumewalaani sana misibani, lakini hofu hiyo haikutoka hewani. Mkumbuke Februari 2017, Mkuu wa Mkoa wa wakati ule aliposoma majina hadharani na msako ukaingia mtaani. Wapo walioogopa wakaenda kutafuta tiba. Wapo pia waliohama maskani za wazi wakaingia kwenye magofu na vyumba vya nyuma, na anayezidisha dozi kwenye gofu peke yake hakuna wa kusikia anavyokoroma.

Hatusemi dola ilegeze kamba kwa wauzaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, na sisi tulishangilia kama wengine. Mzigo huo unavuka bahari kutoka pwani ya Iran na Pakistan kwa majahazi, na mwambao wetu wote, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Mtwara na kuendelea Msumbiji, umekuwa mlango wake. Shehena ikikamatwa ni ushindi. Ila ofisi ya katibu inaishi na leja, na leja ina pande mbili. Upande mmoja tunaandika kilo. Upande wa pili, wa waliokufa, ukurasa ni mweupe. Kijana akifia nyumbani, mjumbe anatoa taarifa serikali ya mtaa, kinatolewa kibali cha kuzika, sababu inaandikwa "ghafla" au "homa". Mwisho wa mwaka wanaopanga bajeti ya afya wakifungua vitabu hawaoni kifo hata kimoja cha unga Mbagala. Kisichoandikwa hakipewi fungu, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti analijua hilo.

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya mtaa iwe na daftari la idadi tu. Bila jina, bila nyumba: mwezi, umri, na tiki. Familia iulizwe kwa staha na iwe na haki ya kutojibu.

Tunakuja kwenye jambo ambalo lilichukua nusu ya kikao cha Jumapili, na ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote.

Kati ya vijana wale watatu, wawili hawakuwa wakitumia kila siku. Mmoja alikuwa ametoka rumande siku nne kabla. Mwingine alikuwa amerudi kutoka soba haus baada ya miezi minne, amenenepa, amenyoa, mama yake amemnunulia viatu vya kuombea kazi. Watu waliuliza: mbona amekufa huyu aliyepona na wale wanaokaa jalalani miaka kumi wapo? Jibu ni la mwili. Mtumiaji wa kila siku mwili wake umezoea, kete mbili hazimtikisi. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mazoea yanaondoka. Kichwa chake lakini kinakumbuka kipimo cha zamani. Siku anapoteleza, anatumia kete zilezile mbili kwenye mwili ambao sasa ni mgeni kabisa, na pumzi inasimama. Duniani kote wiki za mwanzo baada ya kutoka jela au kwenye nyumba ya tiba ndizo zenye vifo vingi vya namna hii. Uskoti walilielewa hilo, na mpango wao wa taifa wa naloksoni ulioanza 2011 uliwapa dawa hiyo hata wafungwa siku wanapotoka gerezani.

Maana yake kwetu ni kwamba kila kamatakamata, na kila mzazi anayekopa kumpeleka mwanawe soba haus, anaandaa siku ya hatari ambayo hakuna aliyemwambia habari zake. Mzazi anaambiwa "mwanao amepona, mchukue". Haambiwi kwamba mwezi huu wa kwanza ndio wa kulala mlango wazi. Tunamwomba diwani alifikishe hili Kamati ya Maendeleo ya Kata: nyumba hizi za tiba zimpe mzazi maelezo hayo siku ya kumkabidhi kijana, na anayetoka rumande aelekezwe kliniki ya methadoni kabla hajafika maskani.

Methadoni wengi mnaijua kwa jina la "dawa ya Muhimbili". Kliniki ya kwanza Tanzania Bara ilifunguliwa pale Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na mikoa mingine kama Mbeya, Mwanza na Dodoma. Wenzetu Zanzibar wanayo Kidongo Chekundu, na pwani ya Kenya, Malindi na Mombasa walianza 2015. Ni dawa ya kunywa, unainywa mbele ya muuguzi kila siku, inazuia arosto kwa siku nzima, na mtu anaweza kufanya kazi. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba aliye kwenye methadoni yuko mbali zaidi na kifo kuliko yule aliyekatisha. Tumewaona wenyewe: fundi viatu wa stendi, ambaye nusu yenu mnampelekea viatu vya watoto wa shule, anakwenda Temeke kila asubuhi, mwaka wa sita huu.

Dawa inatolewa bure. Nauli si bure. Kutoka huku ndani kwetu ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi 600 kila moja. Hiyo ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na Jumapili na sikukuu zimo. Kijana asiye na kazi anaitoa wapi? Akikosa siku mbili arosto inarudi, na arosto ikirudi anajua kete ilipo, tena kwa karibu kuliko stendi.

Hapo ndipo fedha ya viti inapoingia, na tuiseme wazi maana ndiyo inayowasha moto. Mfuko wa tawi kwa hesabu ya mwisho wa mwezi una shilingi 1,340,000. Mlichanga ili tununue viti mia vya plastiki na turubai, tuache kukodi kila msiba. Kamati inapendekeza viti visubiri. Vijana watano kwa 72,000 ni 360,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ni 1,080,000. Zinabaki 260,000 kwa dharura. Tumechagua miezi mitatu kwa sababu miezi ya mwanzo ndipo wengi hukatika. Akishikilia hapo anaanza kupata vibarua na nauli anajitafutia.

Mwanachama mmoja, tunayemheshimu, ameandika kwenye grupu: "Teja ukimpa nauli ananunua kete." Ni hofu halali. Nauli haitapita mkononi mwa kijana. Atapewa mzazi au mlezi, kwa wiki, kwa kusaini daftari mbele ya mweka hazina. Akituhadaa, hasara yetu kwa mtu mmoja ni wiki moja, yaani shilingi 16,800, na wiki inayofuata nafasi anapewa mwingine. Tumewahi kupoteza zaidi ya hapo kwenye fulana za mkutano ambazo hazikuvaliwa.

Hoja ya pili iliyorushwa ni kwamba wakijua kuna dawa ya kuwaamsha watazidisha makusudi. Anayesema hivi hajamwona mtu akiamshwa na naloksoni. Inakata nguvu ya unga kwa mpigo, na mtu anarudi moja kwa moja kwenye arosto kali: anatapika, anatetemeka, mwili unamuuma mpaka mifupa, na fedha ya kete imepotea. Hakuna teja anayeitafuta hali hiyo. Wengine huamka na hasira na kukutukana uliyewaokoa. Mtukanwe tu, anayetukana anapumua.

Hoja ya tatu: ni kazi ya serikali, chama kinaingiaje? Ni kazi ya serikali, ndiyo maana tunaipelekea serikali madai. Naloksoni si panadoli, hatuwezi kuinunua dukani na kuigawa, wala hatutaki mtu yeyote wa tawi aitafute vichochoroni. Inahitaji mganga wa wilaya aridhie, mafunzo yatolewe na dawa iingie kwenye maombi ya kawaida ya zahanati. Njia zipo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa 137,294 nchi nzima. Hao ndio wanaopita nyumba kwa nyumba. Ongeza somo moja na kichupa kimoja kwenye begi lao. Usafiri nao umeshapata mfano: kwa m-mama, mjamzito anapigiwa 115 na kama gari la wagonjwa liko mbali anabebwa na dereva wa jamii aliyesajiliwa. Kama tumeweza kumwandikisha dereva wa kawaida kumwokoa mama na mtoto, bodaboda wa stendi yetu watano wanaweza kuandikishwa na polisi kata akakubaliana nao kwamba aliyebeba mgonjwa hasumbuliwi. Tumeshaongea na uongozi wa bodaboda. Hawakukataa. Waliuliza mafuta nani analipa, na ni swali la haki.

Wakati madai yakitembea, mambo haya hayahitaji kibali cha mtu, na tunaomba kila nyumba iyajue:

Ukimkuta mtu anakoroma vibaya na haitiki, msugue kifuani katikati kwa fundo za ngumi, kwa nguvu. Asipozinduka, piga kelele upate msaada na tafuta usafiri hapohapo. Kama hapumui au anapumua kwa kuhesabu, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni, pumzi moja kila sekunde tano. Akipumua, mgeuze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimpe maziwa wala maji. Usimwache peke yake. Ukifika hospitali sema kweli alichotumia, maana kwa unga daktari ana dawa na kwa "ghafla" anaanza kubahatisha.

Kuna wazazi kwenye orodha hii ambao mtoto bado anatumia, na wanaogopa kikao kwa sababu ya macho ya watu. Tumesikia pia kwamba kwenye vikundi vya mikopo ya halmashauri kijana aliyeacha unga hakubaliki, hakuna anayetaka kudhaminiana naye. Hilo la mikopo tutalileta kikao kijacho, leo tusichanganye mambo.

Kikao cha wanachama wote ni Jumamosi, saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Ajenda ya kwanza ni kupiga kura kuhusu fedha ya viti: asiyekubaliana aje apinge kwa sauti, kura itahesabiwa mbele yenu na daftari la mfuko litakuwa mezani, kila mtu alifungue. Ajenda ya pili ni barua kwa diwani na mganga mfawidhi wa zahanati. Rasimu ipo, atakayetaka kuisoma mapema aifuate ofisini. Muuguzi mstaafu wa mtaa wetu amekubali kuja kutuonyesha namna ya kumpulizia mtu pumzi, kwa hiyo mje na kanga au mkeka wa kulalia.

Mzazi asiyetaka kusema mbele za watu, ofisi itakuwa wazi Ijumaa kuanzia baada ya swala ya alasiri mpaka magharibi. Mlango wa nyuma hautafungwa.

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji,
Katibu wa Tawi